Kifaru cha Kulipia Kicheko

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimegundua kwamba mwanaume wa miaka hamsini na mbili anaweza kuharibu maisha yake kwa maneno manne.

Nianze mwanzo. Mimi Kasonia ni fundi wa saa hapa Butembo, mgane, baba ya Luc anayesoma Kisangani. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha Orpa, mshonaji, mjane, mama ya Shekinah aliyekwisha kuolewa. Kwa miaka miwili vibanda vyetu vimetazamana, na sisi tumevisaidia. Leo tulikwenda Beni kwa baba yake, Mzee Eliezer, kuomba neno la kuoana.

Desturi iko wazi. Muoaji anavaa koti, anakaa, anafunga mdomo. Anayesema ni msemaji, na msemaji wangu ni baba mdogo Ananie, katekista mstaafu, mtu ambaye hata akiomba chumvi anaanzia kitabu cha Mwanzo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka chakula. Hapo Mzee Eliezer akasimulia jinsi alivyokuwa askari wa vifaru wakati wa Zaire, chauffeur, yaani dereva, namba moja. Jinsi siku ya gwaride Kinshasa alivyopita mbele ya jukwaa amesimama kwenye kifaru chake, nusu ya mwili nje, upepo usoni. Jinsi alivyompigia saluti jenerali, na jenerali, kati ya askari wote wale, akamrudishia yeye peke yake. Nyumba nzima ilisikiliza kama watu wanaosikia zaburi wanayoijua.

Mimi ni fundi. Nikionyeshwa gurudumu linalozunguka bila kitu cha kulizungusha, mdomo unafunguka wenyewe. Nikauliza: "Sasa nani alikuwa anaendesha?"

Na nikacheka. Kisha watoto wakacheka. Kisha mama aliyekuwa amebeba sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akacheka mpaka sahani ikatikisika. Mzee Eliezer akapangusa vidole kimoja kimoja, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Mlango unaofungwa polepole ni mbaya kuliko unaobamizwa.

Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilomita hamsini na kitu, na baba mdogo Ananie hakusema neno hata moja njia nzima. Ndipo nilipojua ukubwa wa kosa.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Orpa ameigeuza cherehani yake. Sasa anashona akinipa mgongo.

Jumamosi, 14 Septemba

Baba mdogo amerudi Beni na mbuzi wa faini. Kwetu ukimkosea mkwe unapeleka mbuzi, mbuzi anapokelewa, watu wanakula, kosa linakuwa mfupa. Dume lilikuwa safi, jeusi, la Vuhovi. Nimekaa siku nzima nikitengeneza saa moja ambayo haikuwa na ugonjwa.

Jumapili, 15 Septemba

Dume limerudi. Baba mdogo anasema alihutubia kuanzia Adamu mpaka Isaka, na Mzee Eliezer alisikiliza kwa heshima, kisha akajibu maneno machache tu: "Mbuzi haikuchekwa. Char njo ilichekwa. Alete char."

Char ni kifaru, kwa sisi tuliosoma Kifaransa cha vitabu vya watu wengine. Baba mdogo akamwambia muzee, kwa upole, kwamba fundi wa saa hana njia ya kupata kifaru. Muzee akasema hakuuliza ukubwa wake. Kisha akaweka siku: kabla ya Noeli. Baada ya hapo Orpa atabaki mtoto wake, na mimi nitabaki na saa zangu.

Nilivuka barabara kumwambia Orpa, nikiamini atasema baba yake amezidi. Aliendelea kukanyaga cherehani. "Papa Luc," akasema, "bila neno ya baba mi siendi fasi yoyote." Akakata uzi kwa meno. "Na mi nataka kwenda."

Sentensi hiyo ya pili nimeiandika kubwa ili niione.

Ijumaa, 20 Septemba

Vagheni ni rafiki yangu tangu tulipokaa benchi moja shuleni. Sasa yeye huleta kutoka Uchina kila kitu kisichooza, nami hutengeneza saa anazoleta. Nikamuuliza kama katika bohari lake hakuna kifaru. Akafikiri kama mtu anayeulizwa habari za vitunguu, akaingia nyuma, akatoka na masanduku mawili yenye vumbi.

Siyo vitu vya kuchezea. Ndani kuna fremu za plastiki, na kwenye fremu vipande vimening'inia kama majani kwenye vijiti: magurudumu, milango, minyororo, mizinga. Ununue, ukate, ugundishe, ndipo kifaru kizaliwe. Hakuna aliyenunua. Wazazi wa hapa hawana haja ya kuwatafutia watoto wao vifaru.

Kisha Vagheni akaona kitu alichokuwa hajakiona. Kwenye sanduku kubwa imeandikwa 1/35. Kwenye dogo, 1/48. Akakaa chini juu ya gunia. Mfanyabiashara yeyote wa Butembo anajua kusoma hiyo: katoni ya kwanza kati ya thelathini na tano, ya kwanza kati ya arobaini na nane.

"Banakula makarton makumi munane na moja, Papa Luc," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Makumi munane na moja. Na mi nilitia sahihi."

Kwa uchungu akanipa yote mawili bure, kwa sharti kwamba nitatoa ushahidi.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimefungua. Hata kabla ya kunifikia masanduku yamepita mikono mingi, na kila mkono ulikumbuka nyumbani. Kubwa limekosa tumbo: lina kichwa cha kifaru, mzinga, milango, na mtu mmoja mzima wa plastiki aliyesimama mkono mmoja juu. Dogo limekosa kichwa: lina tumbo, minyororo, magurudumu tisa, na dereva asiye na kitu chini ya mabega.

Moja lina kichwa, lingine lina tumbo. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikaweka kichwa juu ya tumbo. Kilikaa kama kofia ya askofu juu ya mtoto wa komunyo ya kwanza.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua. Nimekiangalia.

Jumamosi, 28 Septemba

Vagheni amemwandikia wakala wake Mombasa barua kali ya kudai katoni themanini na moja. Amenisomea mara mbili. Nimeongeza koma.

Jumatano, 2 Oktoba

Orpa amekuja kibandani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Alisema amekuja kwa ajili ya saa yake, ingawa hakuwa ameivaa. Alikitazama kile kichwa na lile tumbo, akaficha mdomo kwa kitenge.

Kisha akatoa simu, akampigia baba yake, na kama mtoto anayeuliza habari za kale akamuuliza ile char ilikuwa na magurudumu mangapi. Muzee alijibu kabla swali halijaisha. Tano kila upande, la kwanza limejitenga kidogo na mengine manne, kama mama mkwe kwenye benchi. Ilikuwa ya Kichina, ndogo.

Simu ilipokatwa nikaenda kuhesabu mashimo kwenye tumbo langu la plastiki. Tano. Na nafasi baada ya la kwanza. Orpa akaniambia nifunge mdomo, inzi wataingia.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku kubwa kwa elimu.

Nilikuwa nikiwapima wale watu wawili wa plastiki kwa kipimo changu cha vyuma vya saa. Yule mkubwa ana milimita hamsini kutoka kisigino mpaka utosi. Bila sababu nikazidisha mara thelathini na tano, ile namba ya sanduku. Mita moja na sentimita sabini na tano. Ni urefu wangu mimi, ulioandikwa kwenye kadi ya mpiga kura.

Nikapima mabega ya yule mdogo. Milimita kumi. Mara arobaini na nane: sentimita arobaini na nane. Nikavuka barabara mbio katika mvua, nikamwomba Orpa anipime mabega. Akanitazama, akachukua futi yake, akapima. Arobaini na sita. Akapima tena, polepole zaidi, ingawa mabega yangu hayakuwa yamehama.

Donc, siyo hesabu ya katoni. Ni kiasi ambacho kitu kimepunguzwa. Sanduku moja limegawa dunia kwa thelathini na tano, lingine kwa arobaini na nane, na mimi nimeombwa niziozeshe dunia hizo mbili kabla ya Noeli.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilimweleza Vagheni baada ya misa. Alisikiliza, akaelewa, akakataa. Wakala wa Mombasa amekwisha kujibu: katoni zote themanini na moja zimeonekana, ziko njiani.

Nikamwambia hazipo. Akasema mtu mzima hawezi kudai kitu, kikakubaliwa, halafu yeye mwenyewe akakikana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimejaribu kukipunguza kichwa kwa tupa wiki nzima. Kila nikipunguza pembeni, kinakuwa kibaya pembeni. Leo Orpa amekuja na kiti chake mwenyewe, akakaa, akanitazama dakika kumi.

"Nguo ikikushinda upana," akasema, "haukati ku mikono. Unafungua katikati, unatoa, unashona."

Akatoa chaki yake ya kushonea, akachora mistari miwili juu ya kichwa cha kifaru, kutoka mbele mpaka nyuma, sambamba kama ya fundi wa barabara. Nikakata kwa msumeno wangu mwembamba wa kukatia bangili. Kipande cha katikati kikatoka. Nikaunganisha pande mbili kwa kole, yaani gundi, na plastiki iliyoyeyushwa kwenye mshumaa, yeye akishikilia kwa vidole, na ilibidi tushikilie mpaka ishike, na kole ile inachelewa sana kushika siku za mvua. Sijawahi kuisifu mvua kama leo.

Kiliposhika, kichwa kilikuwa cha tumbo lile. Mshono hauonekani. Orpa aliupapasa kwa kucha, akasema ameona nguo za harusi zenye mshono mbaya zaidi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua. Kichwa bado kimeshika. Na cherehani ya ng'ambo imegeuzwa tena, inatazama kwangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Gurudumu la kumi ni kifungo cha koti. Kichwa kinazunguka juu ya pete ya mfuniko wa saa ya mkono, laini kama siagi. Nimekizungusha mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Mteja mmoja alingoja, kisha akaomba naye azungushe.

Jumapili, 27 Oktoba

Orpa anasema baba yake sasa anapiga simu kila jioni. Hamuulizi yeye habari zake, anauliza char imefika wapi. Leo alimaliza vocha nzima akieleza rangi: siyo kijani ya bendera, siyo kijani ya ndizi, ni kijani ya sombe iliyolala. Na bawaba ya mlango wa dereva ilikuwa inauma kidole cha mkono wa kushoto, kwa hiyo niweke alama pale.

Nimeweka alama pale. Nimepika hata sombe ikalala, nikailinganisha na rangi.

Kwa wiki saba nimemwita muzee huyu kichwani mwangu jina moja: mwongo mwenye kiburi. Sasa nina wasiwasi na jina hilo. Mwongo hukumbuka jukwaa. Huyu anakumbuka bawaba.

Jumapili, 3 Novemba

Leo tumegombana kwa mara ya kwanza kama watu waliooana.

Kifaru kimekwisha. Kimebaki kitu kimoja: mtu. Yule mkubwa, nikimkata kiunoni, anasimama vizuri juu kwenye kichwa, mkono hewani. Yule mdogo, kichwa na mabega tu, anaingia mbele kwenye tundu la dereva, upande wa kushoto, kama kidole kwenye pete. Swali ni: muzee ni yupi?

Baba mdogo Ananie hakuwa na shaka. Weka mtu mmoja, juu, mkono hewani, na upige magoti. Mtu akikataa faini ya pili hakuna ya tatu. Orpa alisema vilevile, ila taratibu. "Baba amesimama pale juu miaka makumi ine. Weye njo utamushusha?"

Nikasema chauffeur hakai juu. Akasema anajua. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu utotoni. Kila mtu katika nyumba ile anajua, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza.

Hilo lilinikalisha. Nilidhani siku ile nilionyesha akili kuliko wote mezani. Kumbe nilikuwa mgeni peke yangu ambaye hakuambiwa.

Lakini kumweka juu peke yake ni kumcheka tena, kwa adabu. Na kumweka chini peke yake ni kumjibia swali langu mbele ya watu. Nimewaambia nitaamua. Nimeamua kuweka wote wawili, na kutompiga kole hata mmoja. Orpa amerudi kibandani kwake bila kuaga, lakini cherehani bado inatazama kwangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Barabara ya Beni imefungwa siku mbili kwa sababu ya usalama. Watu wanangoja wasikie. Nimepaka rangi mara ya pili, haikuhitaji.

Jumatatu, 11 Novemba

Imefunguliwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa Beni, kwa mkwe. Ndiyo, nimeandika mkwe.

Tulitoka asubuhi kwa gari la Vagheni: yeye usukani, baba mdogo mbele, mimi na Orpa nyuma, na kifaru magotini mwangu ndani ya katoni ya biskuti, kimefungwa kwa vipande vya kitenge. Kwenye kizuizi askari akachungulia dirishani akaniuliza nina nini kwenye katoni. Mama yangu alinilea nisidanganye watu wenye bunduki.

"Char," nikasema.

Baba mdogo akafumba macho. Askari akamwita kamanda wake. Tukashuka wote. Katoni ikawekwa juu ya mifuko ya mchanga, ikafunguliwa, na askari watano wakainama. Nilingoja kukamatwa. Badala yake nikakosolewa. Mmoja akauliza bidon ya mafuta iko wapi, char bila bidon itafika wapi. Mwingine akasema haijawahi kutembea char bila sufuria nyuma. Kamanda alikuwa mtu mwenye mvi. Alitoa kisu, akakata kipande cha mfuniko wa bidon ya manjano, akakilainisha kwa kiberiti, akakifinyanga mpaka kikawa kidumu kidogo kama punje ya mchele. Akaniomba kole. Akakibandika nyuma kulia, akarudi hatua moja, akatazama.

"Sasa inaweza kwenda," akasema, na akamwonya Vagheni apite mashimo polepole.

Muzee alikuwa amewaita majirani. Niseme alikuwa ameita mtaa. Alivaa koti, na katikati ya sebule aliweka meza yenye kitambaa cheupe na bila kitu kingine. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akaanza: Mungu alipoumba chuma...

"Ananie, ndugu yangu," akasema muzee, "funua."

Nikafunua. Mzee Eliezer hakukigusa. Aliizunguka meza mara mbili. Aliinama, nikaona midomo yake ikihesabu magurudumu. Alipofika kwenye bawaba akakitazama kidole chake cha mkono wa kushoto. Kisha, kwa kidole hichohicho, akasukuma kichwa. Kikazunguka bila sauti.

"Yetu ilikuwa inalia," akasema. "Mais sawa. Hii iko mupya."

Jirani mmoja, mtu anayependa usahihi kama mimi siku zangu mbaya, akasema kwamba huyu mtu wa juu ni mkubwa mno kwa char hii. Ni kweli, mtu wa thelathini na tano ndani ya char ya arobaini na nane, hata fundi hawezi kumficha. Nikahisi koti langu linanibana.

"Njo vile ilikuwa," muzee akamjibu bila kugeuka. "Ile char ilikuwa kadogo. Tulikuwa tunaingia sawa viazi mu gunia." Kisha akanitazama mimi, siyo baba mdogo. "Kasonia. Huyu mukubwa ni nani?"

Muoaji haongei. Nikamtazama baba mdogo, na baba mdogo akainama kufunga kamba ya kiatu. Nikasema: "Muzee, mi sikukuwa pale. Sikupiga mutu kole. Weye njo utajua kila mutu fasi yake."

Alimtoa yule mkubwa kwa kumshika kichwa, akamweka kwenye kiganja, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni adjudant Maliro, mukubwa wangu wa kazi," akasema. "Njo yeye alisimama juu." Akagusa kwa ukucha kile kichwa kidogo kwenye tundu la mbele. "Mi niko huyu."

Orpa alikuwa ameshika kiti. Muzee akavuta kiti chake, akaketi, akaanza kusimulia upya, na nyumba nzima ikawa kama watu waliofunguliwa Biblia wakakuta ina ukurasa mwingine.

Radio ya ndani ilikuwa imekufa. Adjudant Maliro alimfunga kamba mikono yote miwili, sawa na punda. Akivuta ya kuume, chauffeur anageuka kuume. Kutoka tundu lake, siku ya gwaride, muzee hakuona jukwaa, hakuona bendera, hakuona Kinshasa. Aliona kitu kimoja: matako ya camion, lori lililokuwa mbele. Wakakubaliana kwamba adjudant akivuta kamba mbili pamoja, basi wako mbele ya jenerali.

"Akavuta," akasema muzee. "Na mi nikapiga salute. Mule ndani, mu giza. Na mukono yangu ya kuume."

Akanyanyua mkono, akatuonyesha. Ulikuwa umenyooka bado.

"Mais ile mukono njo ilikuwa inashika fimbo ya kugeuza. Char ikaenda kushoto. Ikakula viti yote ya fanfare. Bapiga tarumbeta bakaruka sawa vyura. Jenerali akainua mukono. Mi nilisema, ni salute. Maliro alisema, hapana, anaita polisi."

Kicheko kilianza kumtikisa mabega, lakini alikizuia, akaninyooshea kidole.

"Siku ile uliuliza nani alikuwa anaendesha. Ulikuwa na haki, mwanangu. Ile dakika, hapana mutu."

Akacheka yeye wa kwanza. Alicheka mpaka akashika meza, na sisi baada yake, mama wa sombe akalia machozi, Vagheni akatoka nje akapiga mluzi, baba mdogo Ananie akakaa sakafuni na koti lake. Muzee akamrudisha Maliro mahali pake juu, akambana vizuri, akarudisha kidole kwenye tundu la mbele kuhakikisha kwamba naye bado yupo.

Nilidhani imekwisha. Mzee Eliezer akapangusa macho, akamwita mtu wa nyuma ya nyumba, na akaletwa mbuzi jike mwenye doa jeupe kwenye paji. Akasema amedanganya watu wa nyumba yake miaka arobaini na sita, kosa ni kosa, na aliyemtoa kwenye kosa ndiye anayepaswa kupokea faini. Kamba akamkabidhi baba mdogo. Baba mdogo akaruka kama ameshikishwa nyoka; tangu babu zetu washuke milimani, mbuzi wa ndoa hawajawahi kutoka kwa mkwe kwenda kwa muoaji.

"Ukikataa faini yangu," akasema muzee, "na mi nakataa ya kwenu. Chagua."

Baba mdogo akapokea. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu, Orpa mwenyewe akauliza kuhusu neno lake. Baba yake akamtazama kama mtu anayeulizwa jana ilikuwa siku gani.

"Neno nilitoa zamani," akasema. "Nilikuwa nangojea char."

Jumapili, 17 Novemba

Tumerudi. Orpa amebaki Beni kwa siku mbili na shangazi zake. Mimi nimeshuka kwenye gari mbele ya kibanda changu, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani, na mbuzi kwenye kamba.

Sikuwa nimelifikiria. Mtaa mzima unajua nilikwenda kuoa. Mtaa mzima umeniona nimerudi bila mke na nina mbuzi. Kwa hesabu ya Butembo hilo lina maana moja tu: nimekataliwa, na mbuzi wangu wamerudishwa, na kwa kutazama idadi, wengine wameliwa.

Jumatatu, 18 Novemba

Watu wanakuja kutoa pole. Nikieleza, wananishika bega. Akina mama wa ushirika wameleta maharagwe, sufuria nzima, na ndizi. Mmoja ameniambia Mungu hafungi dirisha bila kuacha tundu. Nikasema nimekubaliwa. Wakatazamana. Yule mkubwa wao akasema, kwa huruma kubwa, kwamba mwanzoni ndivyo mtu anavyojisikia.

Vagheni ndiye shahidi wangu pekee, lakini hakuna anayemsadiki, kwa sababu bado anamwambia kila mtu kwamba ana katoni themanini na moja njiani.

Nimekula maharagwe. Yalikuwa mazuri.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua, na pole. Ndizi nyingine.

Jumatano, 20 Novemba

Orpa amefika saa nne asubuhi. Kibandani kwangu walikuwa wamekaa wanne wa kunifariji, na mmoja alikuwa katikati ya Ayubu. Orpa akateremka kwenye pikipiki, akasalimia, akasikiliza aya mbili kwa utulivu, akaelewa. Hakueleza kitu. Alikwenda kwenye nguzo yangu, akafungua kamba ya mbuzi, akavuka naye barabara yenye tope mbele ya mtaa mzima, akamfunga kwenye nguzo ya kibanda chake. Kisha akaketi kwenye cherehani yake, uso kwangu, akaanza kushona.

Watu wakaanza kuhesabu. Kwetu mbuzi hutoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanamke, na mwanamke anayeipokea kamba mbele za watu amekwisha kujibu. Huyu alianzia Beni, akalala kwangu siku tatu, kisha akavuka barabara. Kazunguka, lakini kafika upande wake. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule mama mkubwa wa ushirika, na hakikuwa na huruma hata kidogo.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Januari. Maharagwe ya pole sikurudisha.